Ahmad bin Majid, Mualimu Aliyeijua Siku ya Kung'oa Nanga

Makala haya nayaandika nikiwa Kerugoya, mji ulio kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kenya, ule ambao wenyeji wanauita Kirinyaga. Msomaji wangu wa pwani huenda akastaajabu: mtu aliyelelewa na harufu ya sifa na kamba za makumbi amefuata nini mahali palipo zaidi ya kilomita 400 kutoka maji ya chumvi? Jawabu ni jepesi. Binti yangu anasomesha huku, Mola amemjaalia mtoto wa kiume, nami nimekuja kumwona mjukuu. Nimefika katika mwezi wa Aprili, na tangu nishuke garini mvua haijanipa nafasi ya kutoka barazani.

Jirani yao ni mzee wa Kikikuyu mwenye kahawa kidogo na shamba la maharagwe. Jioni huja kunijulia hali, tukanywa chai na kuitazama mvua. Siku moja alinionyesha upande wa shamba ambao kijana wake aliupanda mapema, pale mvua iliponyesha siku mbili mwezi wa Machi kisha ikakata. Mbegu zilichipua, jua likazichoma zote. Mzee mwenyewe alingoja, na upande wake sasa umekolea majani. Aliniambia kwamba mvua ya njahi ina siku zake, mvua ya mwere ina siku zake, na baridi ya gathano nayo ina siku zake, na mkulima asiyezihesabu hununua mbegu mara mbili. Kisha akaniuliza: je, ninyi watu wa bahari mnahesabu nini?

Nikaona kwamba swali lile haliwezi kujibiwa bila ya kumtaja mtu mmoja, naye ni Ahmad bin Majid, mualimu wa bahari aliyefariki zaidi ya miaka 500 iliyopita. Nilimsimulia mzee habari zake kwa jioni tatu. Leo nawasimulia wasomaji wangu, kwa sababu jina la mtu huyu kwetu pwani limeshikwa kwa jambo moja tu, tena jambo la kumtia aibu, ilhali jambo kubwa alilotuachia tumelisahau.

Ahmad bin Majid alizaliwa Julfar, bandari ya Ghuba iliyokuwa karibu na mji ambao leo waitwa Ras al-Khaimah, katika Falme za Kiarabu. Mwaka wake wa kuzaliwa wanazuoni hawakuafikiana. Wako wanaotaja 1421, na wengine wanausogeza mpaka miaka ya 1430. Lisilo na shaka ni kwamba alizaliwa ndani ya bahari, kwa maana ya nasaba. Babu yake alikuwa mualimu, na baba yake alikuwa mualimu, bingwa wa Bahari ya Shamu, ile yenye miamba na fungu kila upande, naye alitunga utenzi mrefu wa kuwaongoza manahodha humo.

Hapa yafaa nikumbushe jambo ambalo vijana wetu huenda hawalijui. Neno mualimu halikuwa la mwenye chaki peke yake. Katika jahazi za safari ndefu, nahodha aliweza kuwa mwenye chombo na mwenye amri, lakini mualimu ndiye aliyejua njia, nyota na siku. Na hili neno rubani tunalomwitia mwendesha ndege ni lile lile la Waarabu la kumwita mwongozaji wa chombo. Watu walioruka juu ya mawingu wamerithi jina la watu waliokuwa wakipima nyota kwa uzi na kibao.

Kijana Ahmad alianza safari mapema pamoja na baba yake. Alisoma Kurani, lugha, hesabu na elimu ya falaki, na alisoma maandishi ya waalimu watatu wa zamani waliokuwa wakisifiwa mno, ambao watu waliwaita simba wa bahari. Aliwaheshimu, walakini hakuwafuata kwa upofu. Aliwatia kosa kwamba walikusanya maneno ya wengine na safari zao wenyewe zilikuwa chache. Yeye akajihesabu kuwa wa nne wao, na kusema kweli hakuwa mtu wa kujificha sifa zake. Lakini kila alipopata jambo jipya baharini alirudi kwenye maandishi yake ya nyuma, akayasahihisha, hata yale aliyoyaandika mwenyewe alipokuwa kijana. Mwenye kujisifu ni wengi. Mwenye kujisahihisha hadharani ni adimu.

Mwaka wa 1462, sawa na 866 Hijria, alitunga kazi yake kubwa ya kwanza, Hawiya, utenzi wa beti zaidi ya elfu moja juu ya misingi ya elimu ya bahari. Mimi niliye mtunzi wa mashairi napenda kulisimamia jambo hili kidogo. Kwa nini mtu aandike elimu ya nyota na mikondo kwa vina na mizani? Sababu yake kila aliyepita chuoni anaijua. Usiku wa dhoruba taa haikai, karatasi hulowa, na mualimu hana nafasi ya kufungua kitabu. Kilichohifadhiwa moyoni ndicho kinachobaki. Tulivyohifadhi sisi juzuu za chuoni kwa sauti, ndivyo mabaharia wale walivyohifadhi njia ya kutoka Maskati mpaka Malabari, na ya kutoka Kilwa mpaka Sofala.

Miaka takriban 28 baadaye, mnamo 1490, sawa na 895 Hijria, alimaliza kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitabu cha Fawaidi, chenye milango 12. Wakati huo alikuwa na tajriba ya zaidi ya miaka 40. Humo ameeleza asili ya elimu ya bahari, manazili za mwezi, na pande 32 za dira ambazo ziliitwa kwa majina ya nyota zinakochomoza na zinakotua. Ameeleza namna ya kupima kimo cha nyota kwa vidole, kwa kibao kidogo chenye uzi, ili mtu ajue amepanda kaskazini au ameshuka kusini kiasi gani. Ameeleza pia alama za kukaribia nchi kabla nchi haijaonekana: rangi ya maji, tope linalopanda na bildi, ndege, majani yanayoelea, na nyoka wa baharini wanaoonekana karibu na pwani ya Bara Hindi. Wala hakuisahau adabu. Alimtaka mwenye kupanda chombo awe na tahara na asiache kumkumbuka Mola, alimtaka akikague chombo kingali juu ya mchanga, na alimtaka amjue kila baharia kabla hajamhitaji.

Sasa tufike kwenye swali la mzee wa Kerugoya.

Katika elimu yote hiyo, mlango ambao kwangu mimi ndio roho ya kitabu ni ule wa misimu. Hili neno letu msimu latokana na mausimu ya Waarabu, na Wazungu nao walilichukua likawa jina la zile pepo na mvua za Bahari ya Hindi. Bahari yetu haifanani na nyingine. Nusu ya mwaka upepo watoka kaskazini mashariki, nao ndio kaskazi. Nusu nyingine wageuka ukatoka upande wa kusini, nao ndio kusi. Mwenye kwenda Bara Hindi kutoka kwetu alihitaji kusi, na mwenye kurudi alihitaji kaskazi. Mpaka hapo hata mtoto wa Shela au wa Bagamoyo anajua.

Lakini Ahmad bin Majid alisema zaidi ya hapo. Alisema kwamba kuujua upepo hakutoshi, sharti uijue siku ndani ya upepo. Kusi likishapata nguvu zake kamili, Juni na Julai, pwani ya magharibi ya India hufungwa. Mawimbi huwa makubwa, mvua huziba macho, bandari hazina pa kujistiri, na chombo kilichosukumwa na upepo ule ule wa faida hufika nchi kavu kikiwa mbao. Kwa hiyo kusi lina milango miwili tu ya kusafiria. Wa kwanza ni mwanzo wake, kabla halijachafuka. Wa pili ni mkia wake, Agosti na Septemba, lililokwisha kuchoka, wakati ambao wao waliuita damani na sisi mpaka leo twauita demani. Katikati ya milango hiyo, bahari imefungwa, na mtu mwenye akili hukaa nyumbani akashona matanga.

Na siku hizo alizihesabu vipi? Hakutumia miezi ya Kiislamu, maana mwaka wa mwezi hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama 11, na Ramadhani huzunguka masika na kiangazi. Alihesabu kutoka Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa siku 365. Hesabu hii si ngeni kwetu. Ndiyo Siku ya Mwaka ya wazee wetu, ndiyo Mwaka Kogwa wa Makunduchi, na ndiyo iliyozaa miongo, yaani makumi ya siku, miongo 36 na siku tano juu yake. Kwa kuwa haina siku ya ziada kila mwaka wa nne, Nairuzi hurudi nyuma polepole. Zama zake iliangukia Novemba, na kwetu leo huangukia Julai.

Basi akawapanga manahodha wa kutoka India kwenda Arabuni kwa makumi ya siku. Aondokaye siku ya 100 ya Nairuzi, ambayo kwa wakati wake ilikuwa mwanzo wa Machi, amemhesabu kuwa mtu mzima wa akili. Wa siku ya 110 akamvumilia. Wa siku ya 120 akamwona anavuta kamba mpaka mwisho wake. Na wa siku ya 130 akamwita mjinga na mcheza kamari. Tazameni, wasomaji wangu: chombo ni kile kile, mabaharia ni wale wale, bahari ni ile ile. Siku 30 tu ndizo zinazotenganisha hekima na kamari.

Nilipokuwa mtoto wa miaka 11 niliyaona haya kwa macho kabla sijayasoma. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi ya mizigo. Ilikuwa Mei, chombo kimepakiwa Bandari ya Kale ya Mombasa kwenda Lamu, na kusi limesimama. Upepo ulikuwa wa matlaba, wa kusukuma, na abiria walikuwa na haraka. Mjomba akatazama mawingu ya upande wa bahari kuu, akaonja upepo alfajiri, akasema haendi. Akakaa siku sita. Abiria walinung'unika, na wawili wakahamia chombo kingine kilichoondoka siku ya pili. Chombo kile foromali ilikatika kwenye Ghuba ya Ungwana usiku, na kijana mmoja aliyepanda kuikata kamba alichukuliwa na wimbi. Alikuwa amenitangulia chuoni kwa miaka mitatu. Matanga yalipokwisha, hakuna aliyemwambia mjomba neno la kumpongeza, wala mwenyewe hakulitaka. Alipakua vifaa vyake vya kupikia, akanituma dukani kununua sukari, na siku ya saba tukasafiri.

Ahmad bin Majid aliijua pwani yetu. Ametunga utenzi unaoitwa Sofaliya, wa njia ya kutoka upande wa India na Arabuni mpaka Sofala, bandari ya dhahabu katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Alijua kwamba kadiri chombo kinavyoshuka kusini ndivyo hatari inavyobadilika. Karibu na mstari wa ikweta, Lamu na Mombasa, tufani kubwa ya kuzunguka haipati nguvu ya kujisokota, na hiyo ni neema tuliyopewa bila ya kuiomba. Lakini kuanzia Novemba mpaka Aprili, upande wa Bukini na Msumbiji ni uwanja wa vimbunga. Mwezi wa Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, jirani ya Sofala ile ile ya utenzi wake, na mwezi uliofuata Kenneth kikapita Ngazija na kuingia kaskazini ya Msumbiji. Wala neema ya ikweta haina hati ya milele. Mnamo Aprili 1872 kimbunga kiliivunja Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu. Mwaka wa 1952 Lindi ilipigwa, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Upande wa Oman navyo huja, kama Gonu cha Juni 2007, na aghlabu huja katika miezi ya kupokezana pepo, yaani kabla ya kusi kuchafuka na baada yake. Mwenye kuzitazama tarehe hizi ataona kwamba wazee waliosema bahari ina siku zake hawakuwa wakipiga ramli.

Nimesema kwamba jina lake limetiwa aibu. Yasemwa, na chuoni tuliambiwa hivyo, kwamba Ahmad bin Majid ndiye aliyemwonyesha Vasco da Gama njia ya India kutoka Malindi mwaka wa 1498, na kwa hivyo ndiye aliyewafungulia Wareno mlango wa kuja kutuunguza Kilwa na Mombasa. Tena yaongezwa kwamba aliifanya kazi hiyo akiwa amelewa.

Tuitazame habari hii kwa mizani ya haki, kama dini yetu inavyotuamuru tuhakikishe kabla hatujamhukumu mtu. Aliyeiandika ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, wala hakutaja shahidi aliyeona. Waandishi wa Kireno wa karne ile wanamtaja mualimu wa Malindi kwa jina la Malemo Kana au mfano wake, na mmoja wao anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarati. Malemo si jina la mtu. Ni mualimu huyu huyu wetu, katika kinywa cha Mreno. Ahmad bin Majid alikuwa mtu wa Julfar, na wakati huo alikuwa mzee sana. Fauka ya hayo, mnamo 1554 amiri wa Kituruki Seydi Ali, aliyekuwa akipigana na Wareno hao hao katika bahari hii, aliandika kitabu chake cha bahari kwa kutegemea maandishi ya Ibn Majid, akamsifu kwa ukweli na uaminifu. Kama mtu huyu angalikuwa msaliti anayejulikana, adui wa Wareno angalimsifu? Wanazuoni wengi wa leo wameiacha hikaya ile. Ni Mfaransa Gabriel Ferrand aliyeieneza upya katika miaka ya 1920, ikaingia vitabu vya shule, ikakaa.

Lakini ndani ya safari ile ya da Gama mna ushahidi wa jambo jingine, nalo lanihusu zaidi. Mualimu aliyepewa na Sultani wa Malindi, awaye yote, aling'oa nanga tarehe 24 Aprili 1498. Huo ndio mlango wa kwanza wa kusi, karibu kufungwa. Siku 23 tu zikapita bahari kuu, wakaiona nchi ya India, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Kalikuti. Wangalichelewa wiki mbili, wangalikutana na mvua kubwa za Malabari na bahari iliyofungwa.

Kurudi, da Gama hakungoja siku. Aliondoka Kalikuti mwisho wa Agosti, na tarehe 5 Oktoba akaikata bahari kuelekea kwetu, wakati kusi limekwisha na kaskazi halijaanza. Akakuta shwari, kisha pepo za mbisho, kisha shwari tena. Safari iliyomchukua siku 23 kwenda, ilimchukua karibu miezi mitatu kurudi. Mabaharia 30 walikufa kwa ugonjwa wa fizi, na waliobaki wenye nguvu katika kila merikebu walikuwa saba au wanane. Waliiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, kwa kaskazi lililowajia hatimaye kwa wakati wake. Kusini ya Mombasa wakaichoma moto merikebu moja kati ya zao, maana watu wa kuiendesha hawakuwapo. Angalikaa kitako India mpaka Desemba, kaskazi lile lile lingalimleta kama lilivyoleta jahazi za tende kila mwaka.

Hata hilo halikuwa fundisho la kutosha. Mei 1503 mjomba wake da Gama, Vicente Sodré, alikuwa ametia nanga kwenye visiwa vya Kuria Muria vya Oman. Wenyeji, wavuvi masikini, wakamwonya kwamba upepo mkali wa kaskazini unakuja, ahamie upande wa pili wa kisiwa. Baadhi ya vyombo vidogo vikahama. Yeye akazitegemea nanga zake za chuma. Upepo ukaja kama ulivyosemwa, merikebu yake na ya ndugu yake zikavunjika, naye akafa maji. Mabaki yaliyoaminiwa kuwa ya merikebu yake yaligunduliwa 1998, na wapiga mbizi wakayachimbua kuanzia 2013. Nanga za chuma hazikumfaa mtu aliyekataa kusikia siku.

Ahmad bin Majid alitunga mpaka uzeeni; utenzi wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka wa 1500, na baada ya hapo habari zake zakatika. Maandishi yake yakatawanyika. Mengine yalihifadhiwa Paris, mengine Dameski. Tenzi tatu, pamoja na Sofaliya, zilikuwa Leningrad, na msomi Theodor Shumovsky, aliyepitia miaka ya kifungo katika kambi za Urusi, ndiye aliyezitoa zikachapishwa mwaka wa 1957. Mwingereza Tibbetts akakifasiri kitabu cha Fawaidi mwaka wa 1971. Yapendeza, na pia yasikitisha, kwamba utenzi wa njia ya pwani yetu ulikaa kwenye theluji wakati sisi wenyewe tunaacha kuhesabu miongo.

Sisemi kwamba turudi kwenye kibao na uzi. Leo picha za angani huonyesha kimbunga kikiwa bado mbali, na tahadhari ya Hidaya ilitolewa kabla hakijafika. Simu ya binti yangu hunena mvua ya kesho. Lakini simu humwambia mtu hali ya hewa. Haimfundishi kukubali kukaa. Kila mwaka twasikia chombo kilichoonywa kikaenda, kwa sababu mzigo umekwisha lipiwa, au harusi ina tarehe, au mwenzake ametangulia. Hayo ndiyo yaliyowahamisha abiria wawili kutoka jahazi ya mjomba wangu.

Nilipomaliza hadithi, mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mtu huyo wa Julfar angekuwa mkulima mzuri. Nilimweleza kwamba mvua hii inayonyeshea maharagwe yake ni maji ya bahari yetu, na kwamba pepo zinapogeuka zikaleta mvua Kirinyaga, ndipo manahodha wa zamani walipojua kwamba mlango wa kwanza wa kusi umekaribia kufungwa. Na ile baridi ya gathano yenye ukungu, Julai, huja wakati mlango huo umefungwa kabisa. Yeye huhesabu akiwa juu mlimani, sisi tulihesabu tukiwa ufukoni, na hesabu ilikuwa moja.

Nilikuwa nimepanga kurudi Mombasa Jumanne. Mzee aliutazama mlima, ambao siku nzima ulikuwa umefunikwa, akanishauri nisubiri mpaka Alhamisi, kwa kuwa barabara ya kutokea kwao itakuwa tope. Binti yangu akafungua simu ili ahakikishe. Mimi nilimwambia tiketi ibadilishwe, nikamchukua mjukuu mapajani nikaanza kumhesabia miongo, ingawa bado hajajua hata kushika kichwa chake.

Mola amrehemu Ahmad bin Majid, na amrehemu yule mwenzangu wa chuoni aliyebaki Ungwana.